Pikipiki Iliyolala Miaka Mingi: Uliza Kwanza, Washa Baadaye

Huenda nyuma ya magunia katika ghala lako, au katika ghala la jirani, kuna pikipiki ya zamani imeegemea ukuta. Kuku hulala juu yake, na watoto huipanda wakijifanya wako safarini. Kila mwaka mtu husema, "Siku moja tutaiwasha." Leo nataka kukueleza yakupasayo kufanya kabla ya siku hiyo kufika. Mimi mwenyewe niliikimbilia siku hiyo upesi mno, na nililipa.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, Trans Nzoia. Nilisomea ualimu, na ijapokuwa sikupata shule, watu wa kwetu bado huniita Mwalimu. Kazi yangu ni kuandika hesabu za mbegu na mbolea. Mimi si fundi, na haya nikuambiayo nimeyapata kwa hasara, kwa kusoma, na kwa kusimama karibu na mafundi wazee wa Kitale nikiwashikia spana.

PIKIPIKI YENYEWE

Mwezi wa Januari 2023 niliona pikipiki aina ya BSA Bantam, namna ya D1, katika ghala la mahindi karibu na milima ya Cherangany. Bantam ni jina la kuku wadogo wenye kiburi kikubwa, na kwenye tangi lake kuna picha ya jogoo. Ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia mwaka 1948, na Bantam za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1971. Asili yake ni Ujerumani: baada ya Vita Kuu ya Pili, michoro ya pikipiki ya DKW RT125 ilichukuliwa na washindi kuwa fidia. Kwa hiyo hata Urusi na Marekani walitengeneza pikipiki zilizo ndugu wa Bantam, na Yamaha ya kwanza, ya mwaka 1955, ilifuata mfano huo huo.

Injini ya D1 ni ndogo, sentimita 123 za ujazo, na gia zake ni tatu. Nguvu yake haifiki hata farasi watano. Haina vali wala pampu ya oili. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha pistoni na beringi. Shika neno hilo, maana tutalirudia.

KOSA LANGU

Aliyeniuzia ni kijana mkubwa wa nyumba ile. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 2004. Tulipatana shilingi 40,000. Nilikuwa na 30,000 zangu, na 10,000 nilizitoa katika karo ya binti yangu, nikijiambia kwamba nitazirudisha kabla ya shule kudai. Mke wangu sikumwambia. Nakiri hayo kwa aibu, lakini nisipoyasema hutaelewa kwa nini nilikuwa na haraka. Nilitaka kufika nyumbani juu ya pikipiki inayonguruma, ili sauti yake initetee.

Basi tuliitoa ghalani, tukafuta vumbi, tukatia petroli na oili. Nilikanyaga mkono wa kuwashia, ukakataa kushuka. Vijana wakasema, "Mwalimu, tuisukume mteremkoni, itaachia." Niliketi juu yake, nikatia gia ya pili, wakasukuma. Gurudumu la nyuma lilijifunga na kuchora mstari barabarani. Wakasukuma tena. Mara ya tatu kitu kililia ndani, ka! na gurudumu likaanza kuzunguka. Vijana wakashangilia. Mimi nilihisi baridi tumboni, maana sauti ile haikuwa sauti ya kitu kupona.

Fundi mmoja mzee alipofungua silinda alinionyesha. Ringi za pistoni zilikuwa zimeshikamana na ukuta wa silinda kwa kutu. Tulipolazimisha, ringi moja ilikatika. Katika injini za namna hii ringi hupita juu ya matundu ya kuingizia na kutolea hewa yaliyo ukutani mwa silinda. Kipande kilichokatika kilinasa katika tundu, kisha kikachimba mfereji ukutani. Silinda ilihitaji kuchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Kazi hiyo, pamoja na vipuri kutoka Uingereza, ilinigharimu shilingi 26,000. Siku chache za subira na oili kidogo vingeniokolea fedha zote hizo.

MAMA MWENYE NYUMBA

Hayo hayakuwa yote. Juma lililofuata nilipata ujumbe kwamba mama wa yule kijana ananiita. Nilimkuta ameketi kibarazani akipukuchua mahindi. Alinikaribisha vizuri, akaniletea chai, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulinunua pikipiki au ulinunua mwanangu?"

Nikasema, "Mama, nilinunua pikipiki."

"Pikipiki ya nani?"

Sikuwa na jibu. Aliniambia kwamba ana watoto wanne, wawili wao mabinti walioolewa, na kwamba hakuna aliyeulizwa. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia. "Maji mliyatoa kwanza?"

"Maji gani, mama?"

Ndipo aliponieleza. Mumewe aliacha kuipanda mwaka 1989. Kabla ya kuiweka, alifunga bomba la petroli na kutia oili katika tundu la plagi, na kila miezi michache aliizungusha injini kwa mkono. Lakini mvua za El Niño za mwaka 1997 ziliondoa mabati ya ghala, na pikipiki ikanyeshewa wiki nzima kabla ya watu kuiona. Mzee alikuwa ameanza kuugua, na tangu hapo haikuzungushwa tena. "Ungaliniuliza," akasema, "ningalikuambia usiilazimishe."

Msomaji, mimi nilikuwa nimeikagua pikipiki kwa saa mbili. Nilitazama rangi, nilihesabu spoki, nilipima tairi kwa kidole. Habari iliyokuwa na thamani ya shilingi 26,000 ilikuwa kibarazani, hatua thelathini kutoka ghalani, nami nilipita mbele yake bila hata kuamkia. Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: kabla ya kuiuliza mashine, waulize watu wa nyumba. Ilisimama mwaka gani? Ilisimama kwa kuharibika au kwa kukosa mtu wa kuipanda? Ilinyeshewa? Nani aliifungua mara ya mwisho?

SHERIA NAYO

Jambo la pili ni karatasi. Mali ya marehemu si ya mtoto mkubwa, wala si ya yule aliyebaki nyumbani. Katika Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema kwamba kushika au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa. Kijana yule alikuwa amekosa, na fedha zangu zilikuwa zimetupwa hewani.

Mama hakutaka kutupeleka kwa polisi. Tulikwenda kwa chifu, naye akaandika barua ya kuwataja warithi wote, wavulana na wasichana. Barua hiyo ni mwanzo tu. Mahakama ndiyo humaliza. Ombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Baada ya hati ya usimamizi kutolewa, kwa desturi hupita miezi sita ndipo ithibitishwe na mali igawanywe. Muda wote huo niliirudisha pikipiki katika ghala la mama. Kijana alikatwa fedha alizokwisha kula katika fungu lake la mahindi, na ndugu zake wakapata haki yao. Mke wangu naye nilimweleza yote. Karo niliirudisha kidogo kidogo kwa kuuza maziwa ya ng'ombe wetu mmoja, na muhula ule binti yangu alichelewa kufungua shule kwa siku tisa. Sijazisahau siku hizo tisa, wala yeye hajazisahau.

Unapokagua karatasi, tafuta kitabu cha usajili, kisha ulinganishe namba za injini na za fremu na zile zilizoandikwa. Katika Bantam za wakati ule namba ya injini na namba ya fremu hazikufanana tangu kiwandani, basi usishtuke. Linganisha kila moja na kitabu peke yake. Mama alikuwa amekihifadhi kitabu katika mkebe wa biskuti, pamoja na risiti za miaka mingi. Kijana alikuwa ameniambia kwamba kilipotea. Ukisha kupata haki ya mali, badilisha jina kwa NTSA, kata bima, na upate leseni ya kuendesha pikipiki, kabla gurudumu halijagusa barabara.

KUIAMSHA INJINI

Mama aliniruhusu kuja kila Jumamosi kuisafisha. Nimepanga hapa kazi yenyewe kwa taratibu tuliyoifuata. Usibadilishe mpango huu kwa sababu ya haraka.

Kwanza, spana. Nati nyingi za Bantam ni za kipimo cha Kiingereza cha zamani. Spana za milimita hukaribia kutosha, na huko kukaribia ndiko kunakokula pembe za nati. Tafuta spana za Whitworth kwa mafundi waliotengeneza matrekta ya zamani.

Pili, silinda. Ondoa plagi, mimina oili nyepesi kiasi cha vijiko vitatu katika tundu lake, uache siku tatu au nne. Kisha jaribu kuzungusha kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. Ikikataa, ongeza oili na ungoje tena. Isipoachia baada ya juma moja, fungua kichwa cha silinda utazame. Usiisukume mteremkoni kamwe. Mimi nimekwisha kukusukumia.

Tatu, bomba la moshi. Livue kabisa. Nyigu wajengao kwa udongo hupenda sana tundu la namna hii. Katika letu tulikuta vyumba vya nyigu virefu kama kidole, na chini yake masizi magumu ya oili ya zamani. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuivuta.

Nne, tangi. Petroli ya miaka mingi huwa gundi ya rangi ya asali yenye harufu ya rangi ya mbao. Imwage mbali na nyumba, mbali na jiko na sigara, wala si karibu na kisima. Ondoa bomba la petroli, tia changarawe safi na mafuta ya taa kidogo, utikise mpaka kutu itoke; suuza, na urudie. Kutu ikibaki, jaza siki uache usiku kucha, kisha suuza kwa maji yenye magadi na ukaushe juani vizuri. Hesabu changarawe zinapoingia na zinapotoka. Mimi nilitia 40 na nikatoa 39, na ile moja ilinila Jumamosi nzima.

Tano, kabureta. Ifungue juu ya sinia ili vitu vidogo visipotee. Tundu la petroli ni dogo kuliko tundu la sindano. Lisafishe kwa kupuliza na kwa unywele wa brashi, usitumie waya, maana waya hulipanua, na injini itakunywa petroli bila kipimo.

Sita, cheche. Bantam nyingi za kwanza hazihitaji betri ili kuwaka. Cheche hutoka kwa magineti iliyo ndani ya flaiwili. Safisha pointi kwa karatasi laini, na uweke nafasi ya inchi 0.015, yaani karibu milimita 0.4. Plagi ni ya uzi mpana wa milimita 14. Plagi nyembamba ya pikipiki nyingi za siku hizi haiingii. Iguze plagi na chuma cha injini, zungusha, utazame kivulini. Ukiona cheche ya buluu, umefika mbali.

Saba, oili ya gia. Ifungulie itoke. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Yetu ilitoka hivyo, sawasawa na maneno ya mama. Suuza, tia mpya, na baada ya mwendo mfupi uibadilishe tena.

Nane, sili za mpira za ekseli ya injini. Hizi hukauka kwa kulala, hata kama pikipiki haikunyeshewa. Dalili zake ni mbili: injini hupandisha mbio yenyewe bila wewe kuongeza mafuta, au hutoa moshi mzito usiokoma kwa kunyonya oili ya gia. Ukiona mojawapo, zima. Kuzibadilisha hutaka kuifungua injini yote. Kazi hii mpe fundi, nawe ushike taa.

OILI NA PETROLI: HESABU NDOGO

Sasa lile neno tulilolishika. Pikipiki nyingi za bodaboda zina oili yake mbali na petroli. Bantam haina. Ukiitia petroli tupu kituoni, itakwenda vizuri kwa dakika chache, kisha pistoni itapanuka kwa joto na kushika silinda, na gurudumu la nyuma litajifunga ukiwa barabarani. Mtu anaweza kufa hivyo.

Kipimo cha zamani ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 20 za petroli. Tumia oili ya injini za mchanganyiko, si ya gari. Hesabu yake ni rahisi:

Lita 1 ya petroli, mililita 50 za oili.
Lita 4 za petroli, mililita 200 za oili.
Lita 8 za petroli, mililita 400 za oili.

Tangi la D1 huchukua karibu lita 8. Mimi huchanganya katika galoni safi kabla ya kumimina, na chupa ndogo ya oili haiondoki mfukoni mwa koti. Kwenye kifuniko cha tangi nimeandika kwa rangi nyekundu: CHANGANYA. Nimeandika kwa sababu ya mtu mwema atakayetaka kunisaidia siku moja nikiwa sipo.

BREKI NA TAIRI

Wengi hufurahia injini kuwaka wakasahau kwamba pikipiki hutakiwa pia kusimama. Ngozi za breki za zamani zaweza kuwa na asibesto. Usipulize vumbi lake kwa mdomo; lifute kwa kitambaa kibichi, kisha ukifukie. Badilisha nyaya zote za breki na klachi, maana waya ulioota kutu ndani hukatika siku unapouhitaji. Tairi la miaka mingi, hata likiwa na meno yote, limekufa. Usidanganywe kuchukua la Boxer, ambalo ni la inchi 17. La D1 ni la inchi 19. Kofia ngumu na koti la kung'aa ni lazima.

JE, INA FAIDA?

Nitakuambia kweli. Kama unataka kubeba magunia mawili ya viazi kwenda soko la Kitale, nunua pikipiki ya siku hizi. Nguvu ya Bantam haitoshi kazi hiyo, na vipuri vyake hutoka mbali. Hutapata utajiri kwa kuifufua.

Lakini taratibu hii haikuwa ya pikipiki tu. Mwaka huo huo jirani yangu alitoa ghalani pampu ya maji iliyolala misimu minne, akataka kuivuta kamba papo hapo. Nilimzuia mkono. Tulitoa plagi, tukatia oili, tukasafisha kabureta na tangi. Siku ya tano iliwaka, na kabichi zake zilinyweshwa kabla hazijakauka. Mashine ya kukata majani ya ng'ombe, mashine ya kunyunyizia dawa, hata jenereta, zote zina desturi moja: kilicholala muda mrefu hakiamshwi kwa nguvu.

Bantam iliwaka mwezi wa Aprili 2024, baada ya mahakama kumaliza na jina kubadilishwa. Nilifungua petroli, nikabonyeza kipini cha kabureta mpaka petroli ikaonekana, nikafunga hewa, nikakanyaga. Mara ya nne ilikohoa, mara ya sita ikashika. Moshi wa buluu ulijaa uani na kuku wakatawanyika. Mama alisimama mlangoni akisikiliza, kisha akasema, "Punguza. Yeye hakuwa akiipandisha hivyo ikiwa baridi." Nikapunguza.

Basi, msomaji, ukumbuke mambo haya matano. Waulize watu wa nyumba kabla ya kuigusa mashine. Usitoe fedha kabla ya kuona karatasi na kujua warithi wote. Usiilazimishe injini iliyoshika. Changanya oili na petroli kila mara. Hakikisha breki kabla ya kuondoka uani. Na kama fedha utakazotumia ni za karo, irudishe pikipiki ghalani. Imekwisha kungoja miaka zaidi ya thelathini. Itangoja muhula mmoja zaidi, lakini mtoto wako hatangoja.